Wimbi la Jinja: kutoka 1954 mpaka meza yetu Mbale

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, Jinja. Siku hizi linaitwa Nalubaale. Stima yake ni mawimbi 50 kila sekunde, laini kabisa kwenye karatasi. Ila sisi tunaotengeneza vifaa Mbale, eh, tunaijua: inapungua, inakatika, inarudi ghafla. Kidude chetu cha kulinda friji kilifaulu kila jaribio, halafu mota ya friji ya mama mmoja ikaungua. Tulilipa.

Jaribio lenyewe ndilo lilikuwa bovu. Mashine za kutoa mawimbi za zamani, kama ile ya Hewlett na Packard ya 1939, hutoa wimbi lilelile tu. Za kisasa unaziandikia mfululizo: wimbi kamili mara 50, yaani sekunde 1, wimbi la nusu mara 10, sifuri kwa nafasi ya mawimbi 25, kisha kamili tena. Ni volti chache, tunaziingiza kwenye sehemu ya kidude inayopima stima.

Kile cha kwanza tulikirudisha mezani. Stima ikikatika na kurudi ndani ya nusu sekunde, hakikusubiri hata kidogo.