Uvira: Mji Juu ya Ardhi ya Ziwa

Msafiri apandaye milima ya Mitumba na kugeuka kutazama mashariki huuona mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, umelala baina ya mlima na Ziwa Tanganyika, mrefu sana na mwembamba sana, ukianzia Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi na kuishia Kalundu penye bandari. Na akistaajabu kwa nini watu wengi hivyo wamejibana katika ukanda mdogo namna ile, jawabu lake limo katika taarikhi ya ziwa lenyewe, ambalo ndilo lililowapa ardhi ya kujenga, na ambalo halijapata kuiacha moja kwa moja.

Wapelelezi Burton na Speke walipowasili Uvira mwezi wa Aprili 1858 kwa mitumbwi kutoka Ujiji, walitaka kujua kama mto Ruzizi hutoka ziwani au huingia. Wenyeji wakawaambia kuwa huingia, na habari hiyo ilithibitishwa kwa macho Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipoufikia mlango wa mto. Siku hizo Uvira ilikuwa tayari soko mashuhuri la kaskazini, wafanyabiashara wakiijia kutafuta pembe, nafaka, vyuma, nguo za magome ya miti na, kwa huzuni kubwa ya zama zile, watumwa. Aghalabu maskani za watu wa nchi hizi zilikuwa misonge ya miti na nyasi, ambayo familia iliweza kuijenga kwa mikono yake na kuihamisha bila hasara kubwa. Nyumba ya pembe nne, yenye baraza mbele ya kupokelea wageni, ilienea polepole pamoja na misafara na lugha ya Kiswahili, kutoka miji ya biashara kama Ujiji.

Katika miaka hiyo maji yalikuwa yakipanda, kwa kuwa mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Kiasi cha mwaka 1878 kizuizi kile kilivunjika, na katika muda wa miaka ipatayo 15 ziwa likashuka mita kama 10, likifunua tambarare za mwambao ambazo kabla ya hapo samaki walikuwa wakizipitia. Utawala wa Kizungu ulipokuja kuweka kituo chake hapa mwishoni mwa karne ya 19, uliukuta ufuko mpana, mkavu, wenye kutamanisha.

Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo mwaka 1916 askari wa Wabelgiji walivuka na kuitwaa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kutoka kwa Wajerumani, mji ulishika sura mpya. Zikaja ofisi za matofali ya kuchoma, reli ya kwenda Kamanyola ambayo ilifungwa kabla ya uhuru, kituo cha wataalamu wa viumbe vya ziwani, kiwanda cha sukari cha Kiliba, na mwaka 1962 jimbo la Kanisa Katoliki. Bati likawa alama ya hadhi: mwenye kipato kidogo alijenga kwa tofali bichi lililokaushwa juani, lakini alijinyima ili aezeke kwa bati.

Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi na watu wengine wakajazana katika viwanja vilivyozidi kuwa vidogo, wakiishi kwa saa za ziwa. Usiku wa giza wavuvi hushuka na taa zao kuvutia ndagala, yaani dagaa, kwenye mwanga. Mbalamwezi ikiwaka sana, hubaki pwani wakishona nyavu. Asubuhi wanawake huwaanika ndagala mchangani, wakiwageuza kila mara, kisha huwapima kwa kopo sokoni. Na mabomba yanapokauka, ni hao hao wanaoteremka ziwani na ndoo, ingawa kipindupindu hakijaacha kuutaabisha mji.

Walakini ziwa lilirudi kudai haki yake. Mvua za miaka ya mwanzo ya 1960 zililipandisha hadi kima cha 1964. Na mwaka 2024 likapanda tena kwa namna isiyoonekana tangu wakati ule, likaingia nyumba za ufukweni na kuisumbua bandari ya Kalundu. Mlima nao haukukaa kimya: usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Hapo ndipo tofauti ya umaskini na uwezo ilipodhihirika ukutani, kwani tofali bichi likilowa usiku kucha hurudi kuwa tope, nyumba ikalala chini ya bati lake, ilhali la kuchoma huweza kusimama.

Haifai kuwalaumu waliojenga ufukweni, maana nyuma yao kuna mlima uliokwisha kukatwa miti, na mbele yao ndiko iliko riziki. Lawama ni ya wale wagawao viwanja kana kwamba taarikhi ya ziwa ilianza jana. Kima cha 1878 na kile cha 1964 vinajulikana. Basi vichorwe katika ramani ya mji, na chini ya mistari hiyo pasitolewe tena hati ya kujenga nyumba ya kulala watoto.