Kijiko, Sangara na Siri ya Mwaka 1954

Mwaka 2024 ulitimiza miaka 70 tangu sangara wa Ziwa Albert, kwa mujibu wa ushahidi uliochapishwa na mtaalamu Robert Pringle mwaka 2005, wapakiwe kwa siri na kumwagwa katika Ziwa Victoria upande wa Jinja. Mwaka huo ukapita hapa Arua na Koboko kama ipitavyo miaka mingine, pasina hafla wala hotuba, ilhali samaki huyo alikuwa wa maji ya Albert na Nile karne nyingi kabla hajawa fahari ya Mwanza, Kisumu na Entebbe. Wenye ziwa kubwa wameandika vitabu juu yake, wamejenga viwanda kwa ajili yake, na wamegombana kwa sababu yake. Sisi wenye mto alikotoka hatujaandika hata jinsi wazee wetu walivyokuwa wakimvua.

Mzee mmoja wa Koboko, aliyevua katika Nile upande wa Rhino Camp tangu ujana wake na ambaye hakupenda jina lake litiwe gazetini, hushikilia kwamba tarikhi ya sangara haifahamiki kwa mtu asiyejua kutengeneza chambo chake. Na katika makala haya nimeifuata rai yake, nikiiambatanisha na utafiti wa Pringle.

Asili ya chambo cha chuma kizungukacho majini si ya kwetu. Wamarekani husimulia kwamba kijana Julio Buel wa jimbo la Vermont alidondosha kijiko ziwani, akamwona samaki akikidaka kabla hakijazama. Ikiwa kisa ni kweli au ni cha kupambwa, lililo hakika ni kwamba mwaka 1852 alipewa hataza ya kijiko chenye ndoana. Ndoana za Mustad kutoka Norway zilienea duniani na kufika hata maduka ya Afrika Mashariki, na mwaka 1938 Mfaransa André Meulnart akaanzisha kazi ya kutengeneza Mepps, chambo ambacho bapa lake huzunguka waya. Huko Marekani hata leo watu huunda vyambo vya namna hiyo nyumbani, vidogo mno, kwa ajili ya samaki aitwaye crappie, ambaye ngozi ya mdomo wake ni nyepesi hata hupasuka upesi, kwa hiyo huchaguliwa ndoana nyembamba na uzito mdogo.

Kwetu mambo yalikuwa kinyume chake. Sangara aweza kuzidi kilo 100, na mvuvi anayemwendea kwa ndoana nyembamba ataivuta imenyooka kama sindano. Kabla ya vijiko, watu wa ukingo wa Nile walitumia mitego ya kufuma, mikuki, na ndoana zilizotiwa samaki wadogo walio hai. Theodore Roosevelt alipopiga kambi Rhino Camp mwaka 1910 alitafuta vifaru weupe, si samaki. Lakini baada ya mkoa wetu wa West Nile kuunganishwa na Uganda mwaka 1914, na Arua kufanywa makao ya utawala, meli za kutoka Butiaba zilishuka mto hadi Rhino Camp na Nimule, na pamoja na sukari na kaniki zikaja mishipi na fimbo za uvuvi za maofisa. Mtafiti E. B. Worthington alifanya uchunguzi wa uvuvi wa Ziwa Albert mwaka 1928. Baadaye, maporomoko ya Murchison yakawa mahali ambapo mgeni mwenye kijiko na mshipi alikwenda kujaribu bahati yake kwa sangara.

Mafundi wa mto, asema mzee, walivitazama vyombo vya wageni, wakavifungua kwa macho, wakavijenga upya kwa vitu vya mjini. Kazi huanza kwa kijiko chenyewe, si kwa ndoana. Mpini hukatwa kwa mkasi wa bati, kingo zikapigwa tupa hata zisiweze kukata mshipi, tundu moja likatobolewa kwa msumari karibu na ncha, kisha bapa likagongwa juu ya gogo ili tumbo lake lizidi kuwa bonde, kwa maana bapa lililonyooka huteleza majini bila kuzunguka. Bapa pana la mviringo huzunguka polepole, hutikisa maji kwa nguvu na kukiinua chambo juu, basi hufaa penye maji yaliyotulia na kwa mkono unaovuta taratibu. Bapa refu lililochongoka huzunguka kwa kasi karibu na waya, nalo hufaa penye mkondo. Shaba huchaguliwa maji yakiwa na matope baada ya mvua, na kijiko cheupe maji yakiwa maangavu.

Waya wa kati hutoka kwenye spoki ya baiskeli, maana ni mgumu, haukunjiki ovyo, na meno ya samaki aitwaye ngasa, ambaye hudaka chambo cha sangara pasipo kualikwa, hayaukati kama yakatavyo nailoni. Baina ya bapa na uzito hutiwa shanga moja au mbili za kioo, wala si kwa urembo bali ili bapa lisisugue na kukwama. Chubwi ni risasi ya betri ya gari iliyoyeyushwa, na mkia hufungwa singa za mbuzi au manyoya ya jogoo ili kuficha ndoana. Vitu viwili tu havifanywi nyumbani: ndoana nene na kile kiungo kidogo kizungukacho kinachoungana na mshipi, ambacho kikikosekana mshipi wote hujisokota mpaka ukawa fundo. Mzee huonya kwamba fundi anayebana matumizi katika viwili hivyo amepoteza kijiko, samaki na siku nzima.

Katika maneno yake yote, lililonikaa zaidi ni hili: kijiko hakimdanganyi kila samaki. Ngege, alaye vijimea vya majini, hukitazama kikipita. Sangara hukirukia kwa sababu amezaliwa mwindaji, na kila king'aacho na kukimbia, kwake ni chakula. Mchaguaji wa bapa, kwa hakika, anachagua namna ya kuiamsha tamaa ya mla wenziwe. Na tamaa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi mkubwa kuliko wote katika tarikhi ya uvuvi wa Afrika Mashariki.

Maporomoko ya Murchison yaliweka ukuta baina ya maji ya chini na ya juu, hata sangara wa Albert hakuweza kupanda kwenda Kyoga wala Victoria. Mwingereza Michael Graham, aliyelipima Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928, alipotoa ripoti yake mwaka 1929 alionya kwamba kuingiza humo samaki mkubwa mla wenziwe kutoka kwingine kungekuwa hatari kubwa. Lakini kufikia miaka ya 1950 ngege wa Victoria walikuwa wamepungua kwa kuvuliwa mno, na lile ziwa lilijaa furu, visamaki vyenye miiba ambavyo maofisa waliviona havina thamani. Idara ya wanyama na samaki ya Uganda, ambayo mkuu wake alikuwa Bruce Kinloch, ilivutwa na shauri kwamba sangara angewala furu na kuwageuza kuwa mnofu wa kuuzika. Na ndani ya shauri hilo mlikuwemo pia hamu ya mchezo, kwani ziwa kubwa vile lisilo na samaki wa kupigana na mshipi liliwatia haya mabwana wenye fimbo.

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Jinja, kilichoanzishwa mwaka 1947, walikataa. Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 akieleza kwamba mla nyama mkubwa hawezi kutoa mnofu mwingi kuliko anaoula, na kwamba hakuna ajuaye atawamaliza akina nani atakapomaliza furu. A. M. Anderson, ofisa wa samaki, akamjibu mwaka 1961 akiitetea rai ya kumwingiza. Walikuwa wakibishana kwa kalamu juu ya mlango ambao, ikiwa ushahidi wa Pringle ni wa kutegemewa, ulikwisha kufunguliwa: mlinzi mmoja wa samaki, Mwafrika, alikiri baadaye kwamba mwaka 1954, kwa amri ya wakubwa wake, aliwachukua sangara kutoka Albert akawatia Victoria kimyakimya. Mwaka 1960 sangara alivuliwa Jinja, zikazuka dhana kadha wa kadha za jinsi alivyofika, na mwaka 1962 na 1963 serikali ikawatia wengine hadharani, kwani lililokuwa siri halikuwa siri tena.

Yaliyofuata ni mashuhuri. Katika miaka ya 1980 sangara aliongezeka kwa ghafla, viwanda vikajengwa, minofu ikasafirishwa Ulaya, na wataalamu hukisia kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Na filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 juu ya biashara ya sangara huko Mwanza ikaamsha hasira nyingine. Insafu yataka tuseme kwamba biashara hiyo ililisha maelfu ya nyumba. Lakini insafu hiyohiyo yataka tuseme kwamba wavuvi wa Nile wangaliulizwa wangalijibu bure, bila maabara, kuwa samaki anayemeza kijiko cha chuma hatachagua adabu mbele ya furu.

Huku kwetu, maduka ya Wahindi yalipofungwa mwaka 1972 bidhaa zikaadimika, na kijiko cha nyumbani kikawa lazima badala ya hiari. Vita vya 1979 na machafuko yaliyofuata viliwatawanya watu wa Arua na Koboko hadi Zaire na Sudan, na ufundi mwingi ukaenda nao usirudi. Katika Ziwa Albert sehemu kubwa ya mavuno sasa ni visamaki vya muziri na ragoge vinavyovuliwa kwa taa, na mwaka 2017 jeshi lilianza kusimamia maji ya nchi kwa mkono mzito. Sangara wa chumvi bado hupita sokoni Arua kwenda Congo, ambako huitwa makayabo, lakini kijana anayembeba begani aghalabu hajapata kuona chambo kilichotengenezwa kwa spoki.

Hukumu yangu ni kwamba katika kisa hiki wataalamu walioonya walikuwa na haki, wakubwa waliofanya siri walikosa, na sisi wa West Nile tumekosa pia kwa kunyamaza, tukaacha samaki wetu asimuliwe na watu wa maji mengine. Wazee wanaojua kugonga bapa na kufunga singa wangalipo, lakini si wengi. Ofisi za uvuvi na za utamaduni za Arua na Koboko ziwatafute, ziandike majina ya zana na namna ya kuzitengeneza, na kila shule iliyo karibu na mto iwaite waje kufundisha. Na wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee wa namna hiyo, usingoje ofisi: chukua daftari ukamuulize wiki hii.