Nyumba za Kale Jirani na Konde

Atokaye Konde akashika njia ya mashariki, hadi Tumbe na Chwaka yetu ya Pemba, hufika penye magofu ya mji wa kale. Aonayo kwanza ni mawe: kuta za msikiti wa Ijumaa, na msikiti mdogo na kaburi ambavyo wazee huvinasibisha na Haruni, wa kizazi cha Mkama Ndume, mtawala wa Pujini. Hapo mtu husema moyoni, "Watu wa kale walikaa katika nyumba za mawe." Leo twataka kuonyesha kwamba neno hilo ni nusu ya habari tu.

Natuanze na mawe yenyewe. Mafundi wa pwani walitumia namna mbili. Jiwe gumu la nchi kavu lilijengewa kuta. Jiwe jingine lilikatwa baharini: likiwa bichi ni laini, huchongeka kwa urahisi, likikauka huwa gumu. Hilo lilifaa kwa mihirabu na miimo ya milango. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Dari ilichukuliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina kadiri ya urefu wake, vyumba vilikuwa vyembamba. Huko Msuka, ndani ya mihirabu ya msikiti wa kale, imeandikwa tarehe ya mwaka 816 wa Hijra, yaani 1413 au 1414.

Lakini kazi hiyo ngumu ilifanywa zaidi kwa ajili ya misikiti na makaburi. Katika miaka ya 2000 wataalamu Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Tumbe na Chwaka, wakaona kwamba nyumba zilizo nyingi zilikuwa za miti na udongo. Je, udongo wadumuje miaka mia nyingi? Nyumba ikiungua, udongo wa ukutani huoka kama chungu, na alama za fito hubaki ndani yake.

Mji wa Tumbe, uliokaliwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, ulikuwa mji mkubwa usio na nyumba za mawe. Hata hivyo wenyeji wake walikuwa na vyombo vilivyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi, tena walitengeneza shanga. Hata chakula chao chajulikana kwa punje zilizoungua: Tumbe walikula uwele zaidi, na katika Chwaka, mji uliofuata, mchele ukashika nafasi yake.

Basi, enyi wanafunzi, nyumba ya udongo isidharauliwe. Biashara ya ng'ambo, ufundi na mapishi ya wazee wetu vilikuwa ndani ya kuta hizo. Nasi tuna hatari mbili mbele yetu. Mawe ya gofu yakichukuliwa kujengea, hayarudi. Na udongo uliooka, kwa kuwa haupendezi macho, huvunjwa kwa jembe bila mtu kujua. Ukilima ukakuta donge gumu lenye alama za fito, au kigae kisicho cha vyungu vya kwetu, kiache palepale, kamwambie mwalimu au sheha. Kikihamishwa, hakuna tena awezaye kusema kilikuwa katika nyumba gani, wala ya zama zipi.