Runinga Isiyotakiwa: Taka za Umeme kutoka Basel hadi Bugesera

Historia ya taka za umeme husimuliwa mara nyingi kama historia ya mashine na viwanda. Mimi naiona zaidi kama historia ya swali la kisheria: kifaa kinakuwa taka lini, na nani mwenye haki ya kutamka hivyo? Jibu lake ndilo lililoamua majokofu na kompyuta za Ulaya zifie wapi. Ndilo pia linaloamua leo kama runinga mbovu ya Kigali itafika kiwandani au itaishia shimoni.

Mwaka 1988, huko Koko nchini Nigeria, yaligunduliwa maelfu ya mapipa ya sumu yaliyoletwa kutoka Italia na kuwekwa katika uwanja wa mtu wa kawaida. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Machi 1989, Mkataba wa Basel ulipitishwa. Ulitaka nchi inayosafirisha taka hatari ipate kwanza idhini ya maandishi ya nchi inayopokea. Nchi nyingi za Afrika ziliona hilo halitoshi, kwa sababu idhini hununulika. Ndiyo maana mwaka 1991 zilikutana Bamako na kuandika mkataba wao wenyewe, unaopiga marufuku kabisa kuingiza taka hatari barani.

Hata hivyo mlango mmoja ulibaki wazi. Sheria ilikataza taka, na kompyuta iliyoandikiwa kwenye hati kwamba "imetumika" haikuhesabiwa kuwa taka. Ilikuwa bidhaa, na mara nyingine iliitwa msaada.

Wakati huohuo nchi tajiri zilianza kusafisha nyumba zao. Japani ilitunga mwaka 1998 sheria iliyoanza kutumika Aprili 2001, na ikaanza na vifaa vinne tu: runinga, jokofu, mashine ya kufulia na kiyoyozi. Mwenye kifaa hulipa ada anapokiacha. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2003, ukawabebesha watengenezaji gharama za kukusanya na kurejeleza. Ni sheria nzuri, lakini kila gharama huwa na mtu wa kuikwepa. Kubomoa runinga kwa usalama kulikula pesa; kuipakia kwenye kontena la kwenda Lagos kuliingiza pesa. Mwaka 2005 shirika la Basel Action Network lilitoa ripoti kuhusu bandari hiyo, na picha yake ilikuwa chungu: sehemu kubwa ya kompyuta zilizoshushwa hazikuweza kutengenezwa tena. Kwetu Rwanda nguo za mtumba huitwa "caguwa", neno lililotokana na "chagua" la Kiswahili. Mnunuzi wa kontena lililofungwa hakuwa na nafasi ya kuchagua.

Lakini si haki kuzungumza kana kwamba taka zote hutoka ng'ambo. Rwanda ilizima mitambo ya runinga ya analogi mwaka 2014. Runinga zenye kisogo kirefu hazikufa siku hiyo, kwani dekoda iliziongezea maisha. Zilizozimaliza ni runinga bapa zilizoshuka bei. Kioo cha runinga ya zamani kina madini ya risasi, mara nyingi kilo nzima au zaidi. Kikivunjwa na kutupwa kwenye udongo wenye mvua, risasi hiyo huweza kufika kwenye maji.

Kwa upande wa sheria, mwaka 2018 mamlaka ya udhibiti, RURA, ilitoa kanuni za taka za umeme. Tangu mwaka huohuo kiwanda cha Bugesera, kusini mwa Kigali, kinaendeshwa kwa ubia kati ya serikali na kampuni ya Enviroserve. Kilikusudiwa kuweza kupokea tani 10,000 kwa mwaka. Vifaa vya ofisi za serikali kukifikia si jambo gumu, maana ofisi ina orodha ya mali na mtu wa kuifuta. Nyumba haina orodha. Tena mwenye nyumba alinunua runinga hiyo kwa jasho. Mjapani hulipa ili aondolewe kifaa, sisi tunasubiri kulipwa.

Je, inawezekana kumlipa? Mfano mmoja unatosha. Kwa ajili ya medali za Olimpiki ya Tokyo, Wajapani walikusanya karibu tani 79,000 za vifaa vidogo, zikiwemo simu zaidi ya milioni 6. Dhahabu iliyopatikana ilikuwa kilo 32 hivi. Thamani ipo, lakini ipo kwenye wingi. Katika simu moja ni chembe tu. Kwa hiyo bei ambayo kiwanda kinaweza kumpa mtu mmojammoja haiwezi kushindana na matumaini yake.

Anayeweza kushindana ni fundi wa mtaani. Yeye ndiye mrejelezaji wa kwanza katika historia yetu, hata kabla neno hilo halijaingia kwenye kanuni. Huchomoa spika na transfoma, akaipa redio ya jirani miaka mitano mingine. Kinachobaki hununuliwa na mtu wa vyuma chakavu, anayepita na mizani yake na kulipa papo hapo. Huyo huchukua shaba na alumini. Kioo hukiacha nyuma ya kibanda.