Mkono wa Mama na Kipimajoto: Historia ya Kuijua Homa



Hakuna nyumba isiyolijua jambo hili. Usiku mtoto analia, mama anaweka kiganja juu ya paji la uso wake, kisha anasema: "Huyu ana homa." Mkono huo umefanya kazi hiyo tangu zama za kale, na mara nyingi husema kweli. Lakini una upungufu mmoja: haujui kiasi. Mkono uliotoka kwenye maji baridi huhisi kila mwili ni moto, na mkono uliotoka kushika sufuria huweza kumwona mgonjwa kuwa ni mzima. Ilichukua karne nyingi kupata mizani ya joto la mwili.

Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, alijaribu kuweka kipimo. Alisema barafu na maji yanayochemka vikichanganywa sawasawa hupatikana joto la kati, kisha akahesabu daraja 4 za joto na 4 za baridi. Fikra ilikuwepo, chombo hakikuwepo.

Elimu hiyo ikapokelewa na matabibu wa Kiislamu, nao wakaiongeza. Abu Bakr ar-Razi, aliyezaliwa Rayy karibu na mwaka 865 na kusimamia hospitali huko na Baghdad, aliandika kitabu juu ya ndui na surua. Alieleza kwamba kabla ya vipele vya ndui kutoka, mgonjwa hupata homa isiyoachia pamoja na maumivu ya mgongo. Yaani aliitazama homa pamoja na dalili nyingine, wala hakuitazama peke yake. Naye Ibn Sina (980–1037), katika kitabu chake al-Qanun fi at-Tibb, aliigawa homa katika mafungu mengi na kuieleza kuwa ni joto geni linalowaka moyoni na kuenea mwilini. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na kusomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Hata hivyo, wote hao walitegemea mkono, macho na mapigo ya mshipa.

Chombo kilikuja Italia. Santorio Santorio, aliyesomesha utabibu Padua, alitia alama za vipimo kwenye bomba la kioo, na katika kitabu chake cha mwaka 1625 akaonyesha namna mgonjwa anavyolitia kinywani. Mwaka 1714 Daniel Fahrenheit akatengeneza kipimajoto cha zebaki, na mwaka 1742 Anders Celsius akaleta mizani ya nyuzi 100, ambayo ndiyo tunayoitumia hadi leo, ingawa yeye aliihesabu kinyume na sasa.

Kisha likaja swali: kwa nini mwili haupati joto kama vitu vingine? Mwaka 1774 mjini London, Charles Blagden na wenzake waliingia katika chumba chenye joto kupita maji yanayochemka. Walikuwa na mayai, nyama na mbwa aliyetiwa ndani ya kikapu ili sakafu isimchome miguu. Mayai yakaiva yakawa magumu, na nyama ikakauka. Watu na mbwa wakatoka salama. Blagden aliweka pia vyombo 2 vya maji, kimoja kikiwa na mafuta juu yake. Chenye mafuta kilichemka, na kilichokuwa wazi hakikuchemka, kwa sababu maji yake yalikuwa yakigeuka mvuke na kuondoka na joto. Hiyo ndiyo kazi ya jasho letu, na ndiyo maana mbwa hutweta akitoa ulimi.

Aliyeifanya mizani hii kuwa ya hospitali ni Carl Wunderlich wa Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1868 alitoa kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Alisema joto la kawaida ni nyuzi 37, na kwamba homa si maradhi yenyewe bali ni alama ya maradhi. Kipimajoto cha siku zile kilikuwa kirefu na kilihitaji takriban dakika 20. Wakati huohuo Thomas Clifford Allbutt wa Uingereza alitengeneza kifupi cha sentimita 15 hivi, kinachotoa jibu kwa dakika 5.

Ndugu msomaji, joto hulisomi bila kumjua mwenye joto. Katika miaka ya 1953 na 1954, Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walipima ngamia huko Béni Abbès, Aljeria. Ngamia aliyenyimwa maji alikuwa na nyuzi 34 alfajiri, na zaidi ya 40 mchana. Hakuwa mgonjwa. Huliacha joto lipande mchana ili asipoteze maji kwa jasho, kisha hulitoa usiku kwenye ubaridi wa jangwa. Kwa ngamia mkubwa, akiba hiyo hufikia takriban lita 5 kwa siku. Mtoto wa Adamu si hivyo. Sehemu ndogo ndani ya ubongo hushikilia joto lake karibu na nyuzi 37, na likifika 40 kuna jambo la kutafutwa.

Basi tujifunze nini majumbani mwetu? Kwanza, mkono uamshe shaka, na kipimajoto kitoe jibu. Vya kidijitali vinapatikana madukani na havina zebaki yenye sumu. Pili, tusimfunike mtoto mwenye joto kali kwa mablanketi, maana tunamzuia kulitoa. Tatu, si kila homa ni malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba damu ipimwe kabla ya kutoa dawa. Nne, mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, au mtoto yeyote mwenye homa akapata degedege, akashindwa kunyonya au kunywa, apelekwe hospitali saa ileile. Tusingoje asubuhi.

Mkono wa mama ndio ulioanza kazi hii, nao hatuutupi. Tunaupa msaidizi tu.