Vipokea sauti vya masikioni: Jinsi ya kusikiliza kutwa bila kuumia

KATIKA matatu za Nairobi, maktaba za vyuo vikuu na afisi za kuhudumia wateja kwa simu, ni nadra siku hizi kukosa mtu aliyetia vipokea sauti masikioni tangu asubuhi hadi jioni.

Kifaa hicho kilichokuwa cha burudani ya muda mfupi sasa kimegeuka kuwa zana ya kazi. Kuna anayekitumia kunakili rekodi za mikutano, anayefuatilia masomo kwa intaneti, na anayesikiliza mawaidha au taarifa za habari akiwa safarini.

Hata hivyo, wengi huishia kulalamika kwamba sikio linawasha, linauma au linahisi kana kwamba limezibwa na maji. Aghalabu lawama hutupiwa bei ya kifaa, ilhali chanzo huwa ni umbile la sikio na namna kifaa kinavyokaa ndani yake.

Umbile la sikio

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5. Haukunyooka, bali umejipinda mfano wa herufi S. Theluthi yake ya nje imejengwa kwa gegedu, ambalo hunyumbuka kidogo. Sehemu ya ndani imezungukwa na mfupa.

Ngozi iliyofunika mfupa huo ni nyembamba mno, na hivyo kitu kigumu kikiigusa kwa muda huleta maumivu upesi. Mfereji huo pia hupitiwa na tawi la neva inayotoka kwenye ubongo na kufika kooni, kifuani na tumboni. Ndiyo sababu baadhi ya watu hukohoa wanapotia kitu sikioni.

Mbele tu ya mfereji kuna kiungo cha taya. Mtu anapozungumza, kutafuna au kupiga mwayo, taya husogea na mfereji hubadilika umbo. Kifaa kilichokaa vyema mtu akiwa kimya huenda kikaanza kumbana au kulegea pindi anapokula au kuzungumza na mteja.

Kwa hivyo, anayetaka kujua iwapo kifaa kinamfaa hapaswi kukijaribu kwa dakika moja tu. Akivae, azungumze, atafune kitu na ageuze kichwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Aina mbili kuu

Aina ya kwanza ni ile inayoketi kwenye bonde la sikio, mbele ya tundu, bila kuliziba. Vile vyeupe vilivyouzwa pamoja na iPod tangu mwaka wa 2001 vilikuwa vya aina hii, na vivyo hivyo AirPods za kwanza za mwaka wa 2016, ambazo kila kimoja kilikuwa na uzani wa takriban gramu 4.

Aina hii haimfanyi mtu ahisi kuzibwa. Kasoro yake ni kwamba kelele za nje hupenya, na plastiki yake ngumu haina saizi. Mwenye sikio dogo huumia kwenye kingo za gegedu, naye mwenye sikio kubwa hukiona kikidondoka kila mara.

Aina ya pili huingia katika mfereji na kuuziba kwa kikofia laini. Kampuni ya Etymotic Research ya Marekani ilikuwa miongoni mwa watangulizi ilipotoa ER-4 mwaka wa 1991. Aina hii hukinga kelele na kumwezesha mtu kusikia vyema bila kupandisha sauti, mradi kikofia kimelingana na sikio.

Kikofia kikiwa kikubwa, mtu huhisi msukumo na joto kabla ya saa moja kupita. Kikiwa kidogo, midundo mizito ya muziki hupotea na kifaa hutoka mara kwa mara. Ikumbukwe kuwa sikio la kulia na la kushoto huenda yasilingane, hivyo si kosa kuvaa saizi tofauti kila upande.

Silikoni au sponji?

Vikofia vya silikoni huoshwa kwa urahisi na hudumu, lakini huteleza mtu anapotoka jasho. Vile vya sponji hufinywa kwa vidole, hutiwa sikioni na kuachwa vitanuke polepole hadi vijaze mfereji. Hufuata umbo la sikio vizuri zaidi na kusambaza msukumo, ila hufyonza jasho, huchakaa na hulazimu kununuliwa upya.

Wakati wa kuvaa, inafaa kuvuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili ili mfereji unyooke. Wakati wa kutoa, kizungushwe taratibu badala ya kuchomolewa ghafla, kwani mvuto wa hewa huweza kuumiza ngoma ya sikio. Kwa vile vyenye waya, kuupitisha waya nyuma ya sikio au kuubana kwenye nguo hupunguza uzito unaovuta mfereji.

Sauti ya mtungini

Wafanyakazi wanaozungumza kutwa hukerwa na jambo jingine: sauti zao wenyewe huwavumia kana kwamba wanazungumza wakiwa ndani ya mtungi. Hili husababishwa na mtetemo wa sauti unaopita katika mifupa ya kichwa hadi kwenye mfereji. Kwa kawaida mtetemo huo hutoka nje, lakini mfereji ukizibwa hunaswa humo.

Anayepokea simu kwa saa nyingi huenda akafaidika na kifaa kisichoziba, au chenye tundu la kupitisha hewa, kuliko kile kinachokinga kelele zote.

Jasho na nta

Sikio hujisafisha lenyewe. Ngozi ya mfereji husogea nje polepole ikibeba nta na vumbi. Kifaa kinachokaa humo kutwa huzuia safari hiyo, huisukuma nta ndani na kufungia joto na unyevu. Katika maeneo yenye joto la unyevu kama Mombasa na Lamu, hali hiyo huweza kuchochea maambukizi ya mfereji.

Dawa si kuchokoa sikio kwa vijiti vya pamba, kwani navyo husukuma nta ndani zaidi. Bora ni kuvua kifaa kwa dakika chache kila saa, kuosha vikofia vya silikoni kwa maji vuguvugu na sabuni, kuvikausha kabisa, na kutoazimana.

Hatari isiyouma

Hata hivyo, kifaa kinachokaa vyema kina hatari yake. Kisipouma, mtu husahau kukivua, na madhara ya sauti kubwa hayana maumivu ya kumwonya. Chembe zenye vinyweleo katika sikio la ndani zikifa, hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asipitishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa msingi huo, anayesikiliza kwa desibeli 90 anafaa kusita baada ya saa 4 kwa wiki nzima. Katika ripoti yake ya mwaka wa 2021, shirika hilo lilisema zaidi ya vijana bilioni moja wamo hatarini kutokana na mazoea ya kusikiliza kwa sauti ya juu.

Kenya ilitoa kanuni za kudhibiti kelele mwaka wa 2009, lakini hakuna afisa anayeweza kupima kelele iliyo ndani ya sikio la mtu. Abiria anayepandisha sauti ili kuushinda muziki wa matatu huongeza kelele juu ya kelele. Na avukaye barabara akiwa ameziba masikio yote mawili huenda asisikie honi ya bodaboda.

Maumivu yasiyopoa baada ya kifaa kuvuliwa, majimaji kutoka sikioni, mvumo usiokoma au kusikia kwa shida ni dalili za kumwona daktari wa masikio, pua na koo bila kukawia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa sikio la ndani, ukuta huo hauna fundi.