Kutoa Choo kwa Maji Kupitia Stoma: Historia ya Mbinu na Istilahi Yake, kutoka Ulaya hadi Kamukuzi na Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mbinu ya kuingiza maji katika utumbo mpana kupitia stoma ili choo kitoke kwa wakati uliopangwa. Yanaonesha kwamba mbinu hiyo ilikua Ulaya na Marekani kutokana na aina ya wagonjwa waliokuwapo huko, na kwamba tofauti ya wagonjwa ndiyo inayoeleza kwa nini haikupata mizizi ya aina hiyo nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba mbinu hii inaweza kumrudishia mtu mzima mwenye kolostomia ya kudumu mamlaka juu ya siku yake, lakini haiwezi kufundishwa vyema Mbarara na Nakivale bila istilahi ya Kiswahili inayobainisha njia, lengo na wakati.

Utangulizi

Kamukuzi ni kilima kilichobeba makao ya wafalme wa Ankole. Jina hilo lilikuwa pia la divisheni ya mji wa Mbarara, ambamo imo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Hospitali hiyo ndiyo inayotumiwa kufundishia na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Miongoni mwa wanaoletwa hapo ni wakazi wa Nakivale, katika wilaya ya Isingiro. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na sasa yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mgonjwa kutoka Kivu anapokutana na mhudumu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyankore, Kiswahili mara nyingi ndicho daraja lililopo.

Kolostomia ni upasuaji unaotoa sehemu ya utumbo mpana nje kupitia ukuta wa tumbo. Mdomo wa utumbo unaoonekana juu ya ngozi huitwa stoma, neno la Kigiriki lenye maana ya kinywa. Stoma haina msuli wa kuzuia choo kama ule wa njia ya haja kubwa. Kwa hiyo mwenye nayo hupoteza kitu ambacho mtu mzima hakifikirii mpaka akikose: uwezo wa kuamua wakati.

Kuzaliwa kwa mbinu

Mwaka 1710, mtabibu Mfaransa Alexis Littré alipendekeza kwamba mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa angeweza kuokolewa kwa kufunguliwa utumbo tumboni. Mwaka 1793, Duret wa Brest alifanya upasuaji huo kwa mtoto mchanga, naye akaishi hadi umri wa miaka 45. Kolostomia, basi, ilifungamana tangu mapema na watoto wenye kasoro za kuzaliwa.

Mwelekeo ulibadilika pale saratani ya rektamu ilipoanza kutibiwa kwa upasuaji mpana. Mwaka 1908, daktari Mwingereza Ernest Miles alieleza upasuaji unaoondoa rektamu yote na kumwachia mgonjwa kolostomia ya kudumu upande wa kushoto. Wagonjwa wake walikuwa watu wazima wenye kazi na familia. Waliopona saratani walikabiliwa na swali jingine: wataishije? Mwaka 1927, J. P. Lockhart-Mummery wa Hospitali ya St Mark's, London, alieleza matumizi ya maji ya kuusafisha utumbo kupitia stoma kwa utaratibu wa kawaida.

Mbinu hiyo haikukosa hatari. Mirija iliyotumiwa mwanzoni iliweza kutoboa utumbo, na madaktari wengi wakaingiwa na hofu. Baadaye koni laini ilichukua nafasi ya mrija mrefu, kwa kuwa huziba mdomo wa stoma bila kuingia ndani sana. Wakati huohuo mshindani alitokea. Mwaka 1954, muuguzi wa Denmark Elise Sørensen, ambaye dada yake alikuwa na stoma, alibuni mfuko wa kunata kwenye ngozi na kutupwa baada ya kutumika. Mfuko huo ulipoenea, haja ya maji ilipungua katika nchi ambako mgonjwa aliweza kuupata bila taabu. Mbinu ya 1927 haikufa, ila iligeuka kuwa chaguo badala ya kuwa desturi.

Kwa nini historia ya Uganda ni tofauti

Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946, kwanza Lira na kisha Kampala, alizingatia sana jinsi saratani ya utumbo mpana ilivyokuwa nadra kwa Waafrika. Katika makala yake ya mwaka 1971 aliihusisha hali hiyo na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mjadala juu ya sababu hizo umeendelea, lakini kwa historia ya kolostomia jambo moja ni muhimu: mgonjwa ambaye mbinu ya maji ilibuniwa kwa ajili yake hakuwa mgonjwa wa kawaida katika wodi za Uganda.

Waliowekewa stoma walikuwa zaidi watoto waliozaliwa bila njia ya haja kubwa, watu ambao utumbo wao ulijisokota, na majeruhi wa tumbo. Vita vya Kongo tangu 1996 viliongeza majeruhi katika ukanda huu. Kwa wengi wao stoma ilikusudiwa kuwa ya muda, ifungwe katika upasuaji wa baadaye. Kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ya kupita, maisha ya kila siku pamoja nayo hayakupewa uzito. Muda huo, hata hivyo, unaweza kurefuka kwa sababu ya nauli, foleni ya upasuaji au uhaba wa madaktari. Mfuko maalumu ukikosekana, vitambaa na mifuko ya plastiki huchukua nafasi yake, na ngozi huchubuka.

Saratani ya utumbo mpana nayo imeongezeka nchini Uganda, kama rejesta ya saratani ya Kampala inavyoonesha. Mgonjwa wa Miles sasa yupo pia Kamukuzi.

Mbinu na maisha ya kila siku

Kinachofanyika si kigumu kueleza. Maji safi ya kunywa, yenye uvuguvugu wa mwili, kwa kawaida kati ya nusu lita na lita moja, huwekwa katika mfuko unaoning'inizwa usawa wa bega. Hupita polepole katika mpira na koni hadi ndani ya utumbo kwa dakika 5 hadi 10. Kisha choo hutoka kupitia mfereji wa plastiki hadi chooni au kwenye ndoo. Kazi yote huchukua karibu saa moja. Anayefanya hivyo kila siku au kila baada ya siku moja, kwa saa ileile, huweza kukaa bila kutokwa na choo hadi zamu inayofuata, akiwa amefunika stoma kwa kitambaa kidogo tu.

Huyo anaweza kupanda bodaboda, kukaa sokoni, kuingia kanisani. Kwa Mwislamu, suala la tohara huwa jepesi zaidi: ingawa sheria humtambua mwenye udhuru wa kudumu na kumruhusu kusali, kutotokwa na choo wakati wa sala humwondolea hofu ya kukaa safu moja na wenzake.

Mipaka yake lazima isemwe. Inawafaa watu wazima wenye kolostomia ya upande wa kushoto, baada ya daktari kukubali. Haiwafai wenye stoma ya utumbo mwembamba, wala wenye ngiri kando ya stoma au stoma iliyochomoza kupita kiasi. Wenye maradhi ya moyo au figo huweza kudhuriwa na maji yanayofyonzwa mwilini.

Katika Nakivale, lita moja si nyingi ikilinganishwa na lita 20 kwa mtu kwa siku ambazo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi limeweka kuwa kiwango. Kufua vitambaa kila siku pia hula maji. Kikwazo kikubwa zaidi ni faragha: choo cha shimo kinachotumiwa na kaya kadhaa hakiwezi kushikwa na mtu mmoja kwa saa nzima. Ndoo na bafu lililozungushiwa pazia huweza kuwa suluhisho, lakini lazima hilo lifikiriwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Tatizo la istilahi

Mafunzo hayo yote hupitia maneno. Tafsiri ya moja kwa moja ya jina la Kiingereza hutoa “umwagiliaji wa kolostomia”, na msikilizaji hufikiria shamba la mpunga. “Kuosha stoma” ni jepesi, lakini humfanya mgonjwa apanguse ngozi iliyo kando ya stoma, kazi tofauti kabisa. “Kuosha tumbo” huashiria dawa ya kuharisha. “Enema” huleta picha ya maji yanayopitishwa nyuma ili kutibu kufunga choo, na kwa mtu aliyetoka Kongo, ambako mpira wa kusukumia maji umezoeleka nyumbani hata kwa watoto, picha hiyo ina nguvu. Aliyeondolewa rektamu hana njia hiyo, na mtoto hakukusudiwa mbinu hii. Hapa neno lisilofaa linaweza kujeruhi.

Heshima nayo ina nafasi yake. “Mavi” hukwaruza masikio ya Kiswahili sanifu, na “haja kubwa” ni ya adabu lakini hutaja tendo zaidi ya kitu. “Choo” hubeba maana zote mbili bila kumdhalilisha msemaji. Kwa hiyo makala haya yanapendekeza “kutoa choo kwa maji kupitia stoma ya utumbo mpana”, na maneno “kwa saa maalumu” yaongezwe wakati wa kufundisha. Istilahi hiyo ni ndefu, lakini inataja njia, lengo na wakati, na inawatenga wenye stoma ya utumbo mwembamba.

Hitimisho

Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe katika shule za msingi na sekondari kama somo la lazima. Hadhi hiyo hupimwa pia mbali na darasa, pale muuguzi anapomweleza mkimbizi namna ya kuishi na mwili uliobadilika. Mbinu iliyoelezwa London mwaka 1927 haidai mashine wala umeme. Inadai maji safi, faragha, mtu wa kufundisha, na maneno yanayoeleweka pande zote mbili za meza. La mwisho katika hayo ni wajibu wa wanaisimu, na linaweza kuanza bila kusubiri mengine.